Masikio ya Bwana Kuramochi na Adapta ya Fedha

Osaka nzima, kuanzia bandarini mpaka milimani, hakukuwa na masikio kama ya Bwana Kuramochi Tetsuji! Hayo si maneno yangu. Ni maneno yake mwenyewe, na aliyasema kila alipopata mtu wa kumsikiliza. Asipompata, alikiambia kioo huku akinyoa ndevu.

"Mimi nasikia mchele ukilowa!" alikuwa akijigamba.

Usicheke kwanza, ngoja tufike.

Bwana huyu alikuwa na ugonjwa wa adapta. Zile ndogo za USB, unazochomeka chini ya simu ili upate tundu la hedifoni, maana simu za siku hizi wameziziba matundu utadhani wanaogopa panya. Watu wengine huwa nayo moja, ikipotea wananunua nyingine. Yeye alikuwa nazo chumba kizima! Na si chumba cha hivihivi. Ni kile cha mikeka, chenye dirisha la jua la asubuhi, chumba kizuri kuliko vyote nyumbani kwake. Humo hakulala mtu. Zililala adapta.

Malkia wao alikuwa adapta moja ya fedha, nzito kama kufuli. Kwa wiki kadhaa Kuramochi alikuwa ameifungia kwenye kabati la magodoro, ikipiga muziki peke yake usiku na mchana.

"Inaiva," alimweleza mkewe. "Sauti ikitoka kiwandani huwa bado mbichi. Lazima iive."

Mkewe, Noriko, akitaka kutoa godoro humo kabatini, alitakiwa kunyata asije akaivuruga inavyoiva. Noriko alinyata wiki zote hizo bila neno. Halafu siku moja, wakiwa mezani, akasema:

"Baba Mio, mama anakuja Jumamosi na treni ya jioni. Magoti yake yamegoma kupanda kile kilima chao. Atakaa nasi, chumba cha mikeka."

Kuramochi alipaliwa na supu.

"Chumba kipi?"

"Kwani nyumba hii ina vyumba vingapi vya mikeka?"

"Noriko! Kile si chumba, kile ni sikio langu la tatu! Kaka yako kule Nara ana ghorofa nzima, aende huko."

"Kaka ana mbwa watatu na mke mmoja, na wote wanabweka." Noriko akaweka vijiti vyake chini. "Hebu niambie. Hiyo yako ya fedha ina nini ambacho hii yangu haina?"

Akaingiza mkono mfukoni mwa aproni, akatoa adapta yake. Nyeupe, ndogo kama kifungo cha shati, aliyoinunua duka la kona siku aliyofuata maandazi ya mvuke.

Kuramochi alicheka mpaka akashika mbavu. "Hiyo? Hiyo ni kamba ya kiatu yenye umeme!"

"Basi utafungwa macho, uzitofautishe. Ukiweza, chumba chako, na mama nitampeleka Nara mimi mwenyewe. Ukishindwa, madude yako yote yanaingia kwenye boksi, na boksi linakaa mlangoni juu ya kabati la viatu."

"Nimekubali!" Mwenye masikio ya kusikia mchele ataogopa nini? Tena akampigia simu Bwana Hamaguchi aje kuwa shahidi.

Huyu Hamaguchi walikuwa wakikutana naye kila Jumapili kwenye mkahawa wa wapenda hedifoni, na kila Jumapili waligombana. Kuramochi aliamini masikio, Hamaguchi aliamini vipimo. Jumamosi mchana akafika na kompyuta yake na kisanduku cha kupimia, akavua viatu, akainama, akakataa chai mara mbili kama mtu mwenye adabu, ya tatu akainywa. Kisha akazichomeka zile adapta moja moja, mistari ya rangi ikatambaa kwenye kioo.

"Hii nyeupe ni safi sana," akasema. "Ya fedha nayo ni safi, ila nyeupe imeizidi kidogo."

"Imeizidi? Hiyo kamba ya kiatu?"

"Usijali. Zote mbili, uchafu wake hata popo hausikii."

"Sasa yangu imezidi nini?"

"Nguvu. Na uzito mfukoni."

"Mashine yako haina moyo, Hamaguchi!"

"Ndiyo maana haidanganyi."

Kuramochi akapiga magoti kwenye mkeka, akafungwa taulo machoni, akavaa hedifoni zake kubwa zenye wavu, zilizo wazi mgongoni.

"Hizo zinaingiza kelele za nje," Hamaguchi akamwonya.

"Sauti nayo inahitaji kupumua, bwana! Kelele gani, nyumba yote kimya."

Noriko akachomeka ya kwanza, akachomoa, akachomeka ya pili. Kuramochi hakungoja hata wimbo ukolee.

"Hiyo! Hiyo ya pili ndiyo fedha! Ina mwili, ina damu!"

Lo! Alikuwa amepata! Akanyoosha mikono juu kama mcheza sumo aliyeshinda taji, na taulo lake usoni.

"Ngoja kwanza," Hamaguchi akasema. "Sijasawazisha sauti. Ya fedha ilikuwa juu zaidi, na kitu chochote kikiwa juu kidogo mtu huona ni kitamu. Hiyo haihesabiki."

Akapima, akapunguza, akapima tena. "Haya, sasa zinalingana."

Ikapigwa moja. Ikapigwa nyingine. Kuramochi akainamisha kichwa upande huu, akakigeuza upande ule. Jasho likaanza kumtoka chini ya taulo. Zilikuwa sawa! Sawa kabisa, kama mayai ya kuku mmoja! Hapo ndipo alipoogopa kwelikweli. Alikiona chumba chake kikiondoka, dirisha na jua lake, akajiona amekaa mlangoni anasikiliza muziki katikati ya viatu.

"Huu wimbo una vurugu nyingi," akasema kwa sauti kavu. "Niwekee ule wa mwanamke na gitaa. Mara ya mwisho, na nitataja."

Wimbo ukaanza, taratibu. Mwanzoni hakusikia lolote la maana, akawa anasali kimoyomoyo. Kisha, ghafla, akahisi kaubaridi kanampitia miguuni.

"Ukumbi!" akanong'ona. "Nausikia ukumbi wenyewe! Nahisi mpaka upepo wake!"

Na hapo, sikio la kulia, karibu kabisa, ikaja: *fyuuup*.

"Pumzi! Anavuta pumzi kabla ya kuimba! Mnasikia ilivyo na unyevu?"

*Kru. Kru, kru.*

"Kucha za mpiga gitaa kwenye nyuzi! Hamaguchi, andika hiyo kwenye vipimo vyako! Kamba ya kiatu inaweza hiyo? Thubutu!"

*Aaaah*, ikafuata, ndefu, yenye uzito wa dunia.

Kuramochi machozi yakamlenga. "Masikini mama wa watu, ameachwa na mpenzi. Huu uchungu hautoki kwenye kifungo cha shati. Hii ni fedha! Naapa kwa masikio yangu yote mawili!"

Akalivua taulo kwa mbwembwe.

Simuni ilikuwa imechomekwa nyeupe. Na kando ya goti lake la kulia, juu ya mto mdogo wa kukalia, na kofia yake ya safari kichwani, alikuwa ameketi mama mkwe, Bibi Fumie, kikombe cha chai mkono mmoja, kipande cha figili ya kuchachusha mkono wa pili, anatafuna. *Kru.*

Noriko alikuwa ameziba mdomo kwa aproni. Hamaguchi alikuwa ameinamia kompyuta, mabega yanamtetemeka.

"Nimewahi treni ya mchana," Bibi Fumie akasema. "Endelea tu, mkwe wangu. Tangu mzee afariki, hakuna mwanamume aliyeisifu pumzi yangu namna hiyo."

"Mama... karibu," Kuramochi akasema, akainama mpaka hedifoni zikagonga mkeka.

"Asante. Chumba kizuri hiki, kina jua." Bibi akanyoosha magoti yake, mzigo wake tayari umeegemea kabati la magodoro. "Mtu mwenye masikio kama yako ni baraka ndani ya nyumba. Hebu nenda kaniongezee chai. Maji yakichemka, wewe utakuwa wa kwanza kujua."

Kuramochi akaenda jikoni, akabandika birika, akasimama kando yake. Alikuwa na huzuni kweli. Alikuwa akipima kwa macho kabati la viatu, akijiuliza boksi litakaaje pale na yeye atakaa wapi.

Sauti ya Bibi Fumie ikamfikia kutoka chumba cha mikeka, nyuma ya mlango uliofungwa.

"Mkwe! Birika linapiga mluzi muda wote huo, husikii?"