Kitabu Kilichokatwa kwa Kisu cha Mkate

Jumatatu, 3 Juni
Nyumba imeuzwa. Jumapili mama anahamia kwa dada mkubwa. Mabinti wake wote wanne tumekuja kufunga mizigo. Chumba kilekile, makelele yaleyale. Raha iliyoje!

Lakini mimi nimefuata kitabu. Ile riwaya ya mabinti wa nyumba moja wanaokua, kila mmoja akishika njia yake. Tulikuwa na nakala moja, tukiigombania mpaka kung'oana nywele. Marehemu baba akachoka. Akaikata vipande vinne kwa kisu cha mkate, kila mtu robo yake, tubadilishane. Robo ya tatu ni yangu. Sasa nazitaka zote, fundi aziunganishe, kikae kwangu. Wenzangu wana waume na watoto. Mimi nina paka. Haki iko wazi.

Jumanne, 4 Juni
Nimeanza na dada mkubwa, muuguzi. Nimemwambia karatasi kuukuu zina wadudu wa upele, anipe robo yake nikaianike. Akanikagua vidole, akauliza upele umenianza lini. Nimepakwa dawa mwili mzima. Nanuka kama wodi! Robo bado anayo.

Jumatano, 5 Juni
Dada wa pili, mshonaji, alijilaza mchana. Robo yake chini ya mto. Nikaivuta taratibu. Kumbe yuko macho! Aliniacha nivute mpaka mwisho, ndipo akasema nirudishe, na nisimpotezee alama pale alipofikia. Jeuri tangu utotoni.

Alhamisi, 6 Juni
Kitindamimba ana robo ya mwisho. Enzi zile aliisoma kwanza, akawa anatuuzia siri za nani ataolewa na nani. Bei yake pipi. Nimemwambia kwa upole kwamba yeye hatulii mahali pamoja, itampotea. Akacheka. Akaniuliza, nikikipata kizima, nitawapigia simu ya nini tena? Nikajifanya natafuta kamba.

Jumamosi, 8 Juni
Vyumba vitupu. Mama katuamuru tuketi sakafuni tumsomee, kama zamani akipiga pasi. Dada mkubwa anasoma kama anayeeleza dozi. Zamu yangu ilipofika, sauti ikakatika. Dada wa pili akaniendelezea kwa kichwa, neno kwa neno. Tukalia sote. Nimewakumbuka hawa watu, na wamekaa hapahapa mbele yangu!

Tumeapa: kila mtu abaki na robo yake, na kila mwaka tukutane tusome. Nimeapa kwa sauti kuliko wote. Tamaa imenitoka. Mimi ni mtu mpya.

Jumatatu, 10 Juni
Nimerudi kwangu. Jana tulipokumbatiana kuagana, nilichomoa robo ya Kitindamimba mkobani mwake. Mkono mwepesi, mashallah! Leo nikafungua sanduku niiweke pamoja na yangu.

Yangu haipo!

Nimekung'uta kila nguo. Haipo. Nimewapigia simu wote. Dada mkubwa kaapa hajui lolote, tena yake imeibwa. Dada wa pili naye kaapa, na yake imeibwa. Kitindamimba kalia kabisa, maskini, eti nani kamwibia. Nikamfariji.

Familia nzima wezi! Hawana haya, na machozi yote yale! Sitangoja mwaka. Jumamosi naenda kumjulia hali mama kwa dada mkubwa. Nitabeba mkoba mkubwa.