Mishipa Yangu na Karafuu za Mize

Jumatatu, 6 Oktoba
Nimetoka kituo cha afya. Presha juu! Daktari Devotha anasema mwili wangu unaishi kutwa kama unafukuzwa na ng'ombe. Nimeze vidonge, nipumue polepole, nizoeze mishipa ya fahamu kwa tabu ndogo ndogo. Ndogo? Silima wa Wingwi hafanyi mambo madogo. Mke wangu Mize akasema tabu ipo uani: karafuu zake zimeanikwa, nizichunge. Zikilowa kama mwaka jana, anarudi kwao Mgogoni.

Jumanne, 7 Oktoba
Alfajiri nimejimwagia ndoo nzima ya maji ya kisima. Ukelele niliopiga! Jirani Jaribu akaja mbio na panga akidhani mwizi. Akacheka mpaka akakaa chini. Eti yeye hana presha kwa sababu hulala kidogo baada ya chakula cha mchana. Uvivu mtupu.

Jumatano, 8 Oktoba
Siku kubwa! Mize kaenda mazikoni. Wingu likatanda, mtaa mzima ukakurupuka kuanua karafuu. Moyo ukaanza kunienda mbio. Papo hapo nikaketi kizingitini, nikafumba macho, nikapumua. Jaribu akanipigia kelele ninyanyuke. Nikamwonyesha kidole asubiri. Mvua ikashuka, na moyo ukatulia kabisa. Nimeshinda! Karafuu zimeelea mpaka bandani kwa mbuzi. Jaribu kaokoa jamvi moja bila kuombwa. Kiherehere.

Alhamisi, 9 Oktoba
Mize kafunga mzigo. Alisema mengi, ila nilikuwa katikati ya pumzi. Akauliza, "Weye Silima, u mzima kweli?" Nikatoa pumzi ndefu. Kaondoka, na ufunguo wa kabati la sukari kachukua. Nyumba kimya. Nina huzuni, sifichi.

Ijumaa, 10 Oktoba
Kituoni tena. Presha imepanda. Kipimo kibovu! Daktari akauliza kuhusu vidonge. Nikamjibu hivyo ni vya wanyonge. Akafumba macho, akapumua polepole. Angalau mwanafunzi mmoja ninaye.

Jumamosi, 11 Oktoba
Jaribu kaleta salamu: Mize atarudi nikimwomba radhi mbele ya mama yake. Bi Asma! Nimetoka jasho. Halafu nikafurahi. Hii ndiyo tabu niliyokuwa naitafuta! Nitaketi mbele ya mkwe wangu, aseme mpaka achoke, nami nipumue tu. Radhi siombi, itaharibu zoezi. Lile jamvi la karafuu lililookolewa nimeshalianika uani, Mize akirudi azikute zimekauka. Natoka sasa hivi. Jaribu ananiita huko nje, eti nitazame mbingu. Napumua.