Farasi wa Bwana Harusi

Jumatatu, 3 Juni

Farasi amefika. Jike, rangi ya kahawia, macho ya mtu aliyekwisha kuona mengi. Nimempata kwa kutoa pikipiki yangu. Mke wangu akauliza nitakwendaje kazini. Nikamwonyesha farasi kwa kidole. Akaingia ndani, akafunga mlango kwa komeo.

Hajui mpango mzima. Mpwa wangu anaolewa Jumamosi. Shemeji, kaka wa mke wangu, ndiye aliyeombwa kumleta bwana harusi kwa lile gari lake analolipangusa hata likiwa safi. Nimemuwahi. Nimemwambia mpwa wangu kwamba mume wake atakuja juu ya farasi, na mjomba mtu ndiye atakayemfunza kupanda. Binti alinikumbatia. Bwana harusi aliuliza kama gari la shemeji limeharibika. Kupanda farasi sijui, lakini farasi naye hajui kwamba sijui.

Jumanne, 4 Juni

Amejua.

Nilimtandika asubuhi, mkanda nikaukaza barabara. Nilipotia mguu tu, akashusha pumzi. Kumbe alikuwa amejaza tumbo upepo makusudi. Mkanda ukalegea, tandiko likazunguka, nikajikuta chini ya tumbo nimening'inia kama popo. Suruali ikapasuka. Mama mkwe, aliyekuja kututembelea, akasema mpanda farasi wawili hupasuka msamba. Nikamjibu kwa heshima kwamba huyu ni mmoja tu. Akasema ndiyo maana anashangaa.

Jumatano, 5 Juni

Mgongo umegoma. Mke wangu ndiye aliyezoa samadi, akachokonoa kwato, akamchana singa za shingoni, akampa majani na maji. Anamwita Bibiye. Mimi nilikwisha kumpa jina la Radi. Ukimwita Radi anakugeuzia makalio. Ukimwita Bibiye anakuja, ila uwe mke wangu.

"Huyu anataka kuombwa, hataki kuamrishwa," akaniambia. Nikamwambia hayo ni mambo ya jikoni. Na papo hapo nikapata wazo.

Alhamisi, 6 Juni

Wazo lilikuwa gauni lake la kupikia. Alipokwenda sokoni nikalivaa, na kilemba chake juu, nikaita "Bibiye" kwa sauti nyembamba. Akaninusa, akatulia. Nikapanda. Tukazunguka ua wote. Raha niliyoipata sijaipata tangu nioe, na hilo nimeliandika hapa tu.

Ndipo shemeji akapita na gari lake, akapiga honi. Bibiye akatoka langoni mbio. Tukampita fundi cherehani, tukampita muuza vioo akiomba dua, kisha akasimama ghafla mlangoni mwa saluni. Mimi sikusimama. Niliingia moja kwa moja mpaka kwenye kiti. Msusi akaniuliza kwa upole nataka kusukwa mtindo gani.

Shemeji alikuja kunichukua. Alinifungulia mlango wa nyuma. "Karibu, dada," akasema.

Jumamosi, 8 Juni

Harusi. Bwana harusi akapandishwa huku amefumba macho. Nikashika hatamu, suti imenikaa. Tulikwenda vizuri hadi njia panda. Hapo Bibiye akageuka, akaanza kula maua ya gari la shemeji, lililopambwa litufuate nyuma endapo lolote litatokea. Hilo nililifurahia. Lakini wageni walikuwa wanangoja, na bibi harusi amesimama mlangoni mwa ukumbi anatutazama kwa mbali, uso umeanza kumshuka. Nikavuta, nikasukuma, nikabembeleza, nikatishia. Bwana harusi, macho bado ameyafumba, akauliza kama tumefika.

Mke wangu akashuka kwenye gari la shemeji, akavua viatu vyake vya visigino. "Twende, Bibiye. Watu wanatungoja."

Akatangulia bila hata kushika kamba. Farasi nyuma yake, taratibu, kama amebeba mtungi wa maji. Mpwa wangu alicheka mpaka machozi yakamharibia poda. Akamkumbatia mume wake, kisha farasi, kisha mke wangu. Mimi nilikuwa nyuma na koleo na ndoo, maana Bibiye hakujizuia njiani. Shemeji akaja akashika ndoo upande wa pili bila kuombwa. Tukatazamana, tukacheka. Ni mtu mwema, ukimtoa kwenye gari.

Jumapili, 9 Juni

Mwalimu mkuu wa shule ya jirani alikuwepo harusini. Leo amepiga simu akimuulizia yule mama wa farasi, ampeleke farasi wake siku ya michezo watoto wamwone. Mke wangu alikuwa bandani. Nikaeleza kwamba mfunzaji ni mimi. Akauliza kama farasi anaruka vizuizi. Nikasema anaruka. Akauliza kama mimi nitakuwa nimekaa juu yake. Nikasema kukaa ni kwa wanaoanza. Mimi nitakuwa nimesimama juu ya tandiko, mikono nimeikunja kifuani. Sijui maneno hayo yalitoka wapi, ila yalitoka vizuri. Akasema basi atawaalika na wazazi.

Siku ya michezo ni Ijumaa. Muda upo tele.