Asili ya Mchoro Namba Ishirini

Kwa niaba ya Kamati ya Kutambua, Kuthibitisha na Kusherehekea Mafanikio ya Wanafunzi wa Sanaa, ninayo heshima kubwa kuutangazia umma kwamba mafanikio yamepatikana, yametambuliwa, na yamewekwa kwenye majalada.

Mimi ndiye katibu wa kamati hiyo. Sikugombea. Niliingia kwenye mkutano wa wazazi nikiwa na kalamu inayoandika na mwandiko nilioupata kwenye masomo ya jioni, wakanipigia makofi kabla sijakaa. Tangu siku hiyo nimeandika mihutasari kumi na minne, na nina imani kamili na utaratibu. Mtu akikosa imani na utaratibu atabaki na nini? Akili tu.

Shule yetu ya kati ina darasa la sanaa. Ni chumba kimoja nyuma ya maabara, chenye madirisha matatu, sinki lililosahau rangi yake, na mwalimu ambaye suruali yake imepakwa rangi nyingi kuliko jengo lolote la serikali. Watoto wanachora humo kila Jumatano na Ijumaa, na wanachora vizuri. Tatizo ni kwamba Mwenyekiti wa kamati, ambaye pia ndiye Ofisa wetu wa Elimu, alikuwa na viti mia mbili vya wageni wa heshima ambavyo havikuwa na mahali pa kukaa.

"Hatuwezi kuwanyang'anya watoto chumba hivi hivi," alisema kikaoni. "Sisi si wahuni. Tutawasherehekea kwanza."

Waraka ukatoka. Kazi ishirini za wanafunzi zikithibitishwa kabla ya saa sita mchana siku ya Ijumaa, zitaonyeshwa mbele ya mgeni rasmi na chumba kitabaki cha sanaa. Ikipungua hata moja, chumba ni stoo ya viti.

Mwalimu wa sanaa alisoma waraka akacheka. Alikuwa na michoro themanini na mitatu mezani. Maskini, alidhani kuthibitisha ni kutazama.

Aliyemfungua macho ni Makamu Mwenyekiti, bwana mwembamba ambaye watu wote, hata mkewe, humwita Kifungu.

"Kifungu cha tisa," alisema Kifungu. "Hakibandikwi kitu kwenye ukuta wa umma isipokuwa ni asili, au ni nakala iliyothibitishwa. Haya. Mtoto kachora ndoo. Hii ni ndoo?"

"Ni mchoro wa ndoo," alisema mwalimu.

"Kwa hiyo si asili."

"Mchoro wenyewe ndio asili, mheshimiwa."

"Mwalimu, unaweza kuchotea maji?"

Mwalimu akaugeuza mchoro, akautazama nyuma.

"Basi ni nakala. Na nakala hulinganishwa na asili yake ndipo ipigwe muhuri. Ndoo ije."

Niliandika kwenye muhtasari: Ndoo ije.

Jumatatu ndoo ilikuja ofisini kwa Mwenyekiti. Ilikuja na paka, baiskeli ya mjomba wa mtu, kabati la nguo lililobebwa na kaka wanne, na mbuzi aliyekula fomu yake mwenyewe akapewa nyingine. Mbuzi huyo pia aliacha vitu kwenye sakafu ya mapokezi, navyo vikasajiliwa kama kiambatisho. Mtoto mmoja alikuwa amechora mwezi. Kifungu hakumkatalia, alimwambia aulete, ila ajue kwamba mwezi hutoka nje ya saa za kazi. Mwingine alichora upepo. Huyo aliombwa arudi na mzazi.

Hadi Alhamisi jioni tulikuwa tumethibitisha kazi kumi na tisa. Kila moja ilikuwa na muhuri mwekundu katikati, pale inapoonekana vizuri: NATHIBITISHA KUWA HII NI NAKALA YA KWELI NA SAHIHI YA ASILI NILIYOIONA. Kilichobaki ni sahihi za Mwenyekiti, ambazo huwekwa zote kwa mkupuo.

Kazi ya ishirini ilipaswa kuwa ya binti yangu. Nalisema hili bila upendeleo, kwa kuwa ilikataliwa nikiwa nimeshika kalamu.

Ana miaka kumi na tatu. Alikuwa amemchora bibi yake, yaani mama yangu mimi, akitunga uzi kwenye sindano: jicho moja amelifumba, ulimi umechungulia pembeni mwa mdomo, na sindano ameiinua kwenye mwanga kama anayeigombeza. Nilipouona nilijifanya natafuta kalamu, na kalamu ilikuwa mkononi.

"Asili iko wapi?" aliuliza Kifungu.

"Bibi alifariki," alisema binti yangu.

"Lini?"

"Mwezi wa sita."

"Pole sana, mwanangu. Kwa hiyo hawezi kufika?"

"Hawezi."

"Hata kwa dharura?"

Mtoto alinitazama. Mimi nilitazama karatasi. Kifungu, ambaye si mtu mbaya, alishusha pumzi akaandika kwa huruma: *Asili haikujitokeza licha ya kuitwa.*

Ijumaa saa nne asubuhi binti yangu alikuwa bado amekaa kwenye benchi la korido, mchoro wa bibi mapajani. Mwalimu wa sanaa alikaa pembeni yake. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Bado saa mbili," alimwambia. "Chora kingine. Chochote, ila asili yake iwe humu humu ofisini."

Sasa lazima nieleze jinsi korido ilivyo. Benchi hilo linatazamana na ofisi ya Mwenyekiti, na mlango wake, kwa agizo la makao makuu kuhusu utawala bora, haufungwi. Wananchi wanatakiwa wamwone kiongozi wao akifanya kazi. Na humwona. Kila siku kuanzia saa tatu na nusu yeye huwa katika tafakari. Kichwa kimeegemea nyuma, mdomo umefunguka kupokea hewa, kiatu kimoja kimevuliwa ili fikra zishuke. Katika mihutasari yangu yote kumi na minne nimeandika hivyo: *Mwenyekiti alikuwa katika tafakari.*

Binti yangu alitazama kulia, akatazama kushoto, kisha akatazama mbele. Akachukua karatasi mpya.

Kwenye foleni alikuwepo fundi viatu mmoja, mzee mchangamfu, aliyekuwa anafuatilia barua ya uhamisho wa mjukuu wake kwa wiki ya tatu. Alichungulia juu ya bega la mtoto.

"Mjukuu, usisahau soksi. Imetoboka pale kwenye dole gumba."

"Nimeshaiweka, babu."

"Ehee! Na dole lenyewe?"

"Linachungulia."

"Una jicho wewe! Haya, na mimi nitie. Ila nifanye mrefu kidogo, na unitoe huu uchovu."

"Upo kwenye foleni, babu. Siwezi kukutoa uchovu."

"Kweli," alisema mzee. "Tusimdanganye mtu."

Saa tano na nusu binti yangu alimkabidhi Kifungu kazi yake. Kifungu aliutazama mchoro. Aliondoka mezani, akaenda hadi mlangoni, akauinua usawa wa macho, akamtazama Mwenyekiti, akautazama mchoro, akamtazama Mwenyekiti tena. Jasho lilimtoka.

"Mdomo?" alijiuliza kwa sauti ndogo. "Uko hivyo hivyo. Mate? Yapo. Soksi?" Akainama. "Dole. Limetoka."

"Makamu," nilimnong'oneza, "unaweza kuukataa."

"Kwa kifungu gani?" Alikuwa karibu kulia. "Kifungu cha tisa hakisemi asili iwe inapendeza."

Akagonga muhuri. Siku hiyo nilimheshimu yule bwana, na niko tayari kurudia maneno hayo mbele ya mkewe.

Saa sita kasoro robo Mwenyekiti aliamshwa na harufu ya chai. Tulimwekea jalada la sahihi. Jalada hilo lina kidirisha kilichokatwa chini, kila karatasi inaonyesha pale pa kutia sahihi tu, ili mkubwa asisumbuliwe na yaliyomo. Alitia sahihi ishirini bila kupumzika, kisha akashtuka.

"Ziko ngapi?"

"Ishirini, mheshimiwa."

Alihuzunika kama mtu aliyepewa habari za viti vyake kunyeshewa. "Hii ya mwisho ya nani?"

"Ya binti yangu."

"Hongera. Amechora nini?"

"Mambo ya ofisini, mheshimiwa. Inaonyesha uongozi."

"Angalau," alisema.

Saa nane maonyesho yalifunguliwa ukumbini. Mgeni rasmi alikuwa Mkaguzi Mkuu kutoka makao makuu, mama mwenye miwani ya kamba na sauti ya chini. Michoro ilifunikwa vitambaa, na kando ya kila mchoro, kwa mujibu wa kifungu cha kumi, ilisimama asili yake, ili umma ulinganishe. Mgeni alifunua ndoo, akatazama ndoo, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Alilinganisha baiskeli. Alilinganisha mbuzi kwa mbali kidogo. Mwenyekiti alimfuata nyuma, akieleza jinsi alivyokesha kwa ajili ya vipaji hivi.

Kando ya namba ishirini kulikuwa na kiti kitupu, kimoja kati ya vile mia mbili.

"Asili hii imekwenda wapi?" aliuliza mgeni.

Kifungu alisoma daftari kwa sauti iliyokauka. "Namba ishirini. Asili: Mwenyekiti wa Kamati. Imeonwa na kulinganishwa."

Mwenyekiti akatabasamu, akanyoosha tai. Mgeni akavuta kitambaa.

Ukumbi ulikuwa na watu mia tatu na mbuzi mmoja. Aliyetoa sauti ni mbuzi.

Alikuwa pale, mzima mzima: kichwa nyuma, mdomo wazi, mate, dole gumba. Nyuma yake korido yote, watu na karatasi zao mikononi, kila uso na uchovu wake, na fundi viatu kafanywa mrefu kidogo. Juu ya yote, muhuri mwekundu.

"Huyu ni wewe?" aliuliza mgeni.

"Huo ni uzushi, mheshimiwa! Utoto! Mimi sijawahi..."

"Sahihi hii ni ya nani?"

Mwenyekiti aliitazama sahihi yake. Ni sahihi nzuri, ina mkia kama wa tausi.

"Ni yangu."

"Umethibitisha kwamba umeiona asili, na kwamba hii ni nakala ya kweli. Sasa unasema ni uzushi." Akamgeukia Kifungu. "Kuthibitisha uongo kwenye hati ya serikali ni kosa gani?"

"Kifungu cha thelathini na moja. Kuachishwa kazi, na mahakama."

"Na kulala kazini?"

"Kulala hakuna kifungu, mheshimiwa. Rasimu yake ipo mezani kwa Mwenyekiti tangu mwaka juzi. Hajaisoma."

Mgeni alivua miwani akaifuta taratibu. "Basi ndugu Mwenyekiti, kazi ni yako. Inafanana, au haifanani?"

Mwenyekiti alitazama mlango. Fundi viatu alikuwa amesimama hapo na foleni nzima. Alitazama kiti. Akaenda akakaa.

"Kichwa," alisema mgeni.

Akakiegemeza nyuma. Akafumba macho.

"Mdomo."

Akaufungua.

"Kushoto kidogo, bosi!" alipaza sauti fundi viatu. "Hapo hapo! Na kiatu!"

Kiatu kikavuliwa. Dole likachungulia. Mgeni akasogea, akalinganisha kwa umakini wa mtu anayeipenda kazi yake, kisha akasema, "Inafanana." Makofi yaliyopigwa siwezi kuyaingiza kwenye muhtasari, hakuna safu yake.

Chumba kimebaki cha sanaa, na watoto wanakalia vile viti mia mbili kwa zamu. Maonyesho yanadumu siku kumi na nne za kazi, na asili haruhusiwi kuondoka kando ya nakala yake kuanzia saa mbili hadi saa tisa na nusu. Kwa kuwa Mwenyekiti yuko ukumbini, barua zinatiwa sahihi na Kifungu, anayezisoma. Siku ya tatu fundi viatu alipata yake. Siku ya tano benchi la korido lilikuwa tupu, na mtu alianika kitambaa juu yake.

Siku ya sita nilikwenda ukumbini na binti yangu, nyundo na msumari. Tulimtundika bibi kando ya namba ishirini, bila muhuri, na jicho lake moja na sindano yake.

"Andika, mama," alisema mtoto. "Wewe ndiye katibu."

Nikaandika chini yake kwa mwandiko wangu wa jioni: *Asili nimeiona kwa miaka thelathini. Inafanana.*

Kwenye kiti, Mwenyekiti alifungua jicho moja.

"Hiyo haijathibitishwa," alisema.

"Asili haziongei, mheshimiwa," nilimwambia kwa heshima zote.

Akafumba jicho. Mdomo akauacha wazi, kama ulivyo kwenye mchoro.