Mjane Aliyeishia kwa Kuku

Jumatatu, 4 Machi

Riwaya yangu imetoka! Katoni zimejaa chumba cha wageni mpaka dirishani, maana mchapishaji hana ghala. Ofisi yake ni meza moja nyuma ya duka la viatu. Mke wangu kasema chumba kile ni cha mama yake, mgonjwa, anakuja Jumamosi. Nimemhakikishia kufikia Jumamosi vitabu vitakuwa vimekwisha. Kacheka mpaka kakaa chini. Hata hivyo, mama mkwe nimempelekea nakala. Sina kinyongo.

Jumanne, 5 Machi

Balaa! Sura ya mwisho haimo! Mjane wangu anafika mtoni usiku, maji yamejaa, unafunua ukurasa... chanjo ya vifaranga. Kiwandani walijalidi vitabu viwili siku moja, wakapachika mwisho wa hiki kwenye kile. Mchapishaji kaniomba nisipige kelele. Kwani, kauliza, ni wangapi hufika mwisho?

Jumatano, 6 Machi

Mfugaji, mwenye kile kitabu cha kuku, anauza kama njugu. Wasomaji wake wanampigia simu: huyu mama wa mtoni ni nani, na mbona wanalia? Wanalia! Kwa sura yangu! Na pole anapokea yeye. Nimemfuata tugawane sifa. Kajibu kuku wake hawajalalamika.

Alhamisi, 7 Machi

Mama mkwe kapiga simu. Sauti nyembamba kama uzi. Kasoma yote, kakwama kwenye vifaranga. Kaomba, baba, nimwambie tu: mjane alivuka? Mwandishi makini hatoi mwisho ovyo. Nimemwambia asubiri toleo la pili. Kasema haya, baba, atajitahidi. Msomaji mwenye kiu ndiye mtaji!

Ijumaa, 8 Machi

Mpango kabambe. Nimeingia duka la vitabu na miwani myeusi na kofia ya shemeji, nikaulizia riwaya yangu kwa sauti ya kutangazia mnada. Muuzaji kanikaribisha kwa jina. Picha yangu iko nyuma ya jalada.

Jioni mke wangu kachungulia chumba cha wageni. Katoni zile zile. Kampigia kaka yake ampokee mama, kisha kafungasha nguo zake akamuuguze huko.

Jumanne, 12 Machi

Mama katutoka Jumamosi. Jana tumemzika. Shemeji kanirudishia nakala. Ukurasa wa vifaranga umekunjwa pembe. Mke wangu kasema mama kauliza habari za mjane mpaka mwisho. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu tuoane, kaniuliza hadithi yangu inaishaje.

Nimemwambia asubiri toleo la pili.

Kabaki kwa kaka yake.

Nimelia njia nzima. Nilipofika nyumbani nikampigia mchapishaji: sura ya mwisho naiandika upya, mgonjwa anakata roho huku akiuliza. Hakuna atakayeimaliza na macho makavu! Kakubali. Shida yake ni moja tu, katoni mpya ataziweka wapi.

Nimemwambia alete. Kitandani kwangu upande mmoja mzima uko wazi.