Ushuhuda Wangu Umenifuata Mpaka kwa Daktari

Jamani, leo nimeaibika. Na pasta wangu akiangalia.

Mnajua niliteleza kazini, kule tunakopanga maua, nikiwa nimebeba ndoo ya waridi. Sakafu ilikuwa na maji, hakuna aliyepanguza, bega la kulia likaenda na ndoo. Leo ndiyo ilikuwa siku ya daktari wa kupima jeraha, hapa Naivasha. Akiandika kwamba bega limeharibika, kampuni inanilipa fidia na kunipa kazi nyepesi. Akiandika kwamba nimepona, kesho narudi kwa ndoo. Chai ya asubuhi ilinishinda.

Nikamwomba pasta anisindikize kutoka kwetu Karagita, ili niwe na mtu wa heshima upande wangu. (Akili zangu hizo!) Kampuni nayo ikamtuma Madam Nancy wa ofisini, simu mkononi.

Daktari akauinua mkono wangu polepole. Ulipofika usawa wa bega nikauma meno. Akachukua kalamu. Nikaanza kupumua.

"Excuse me, daktari," Madam Nancy akasema. "Kabla uandike, hebu ona hii."

Ilikuwa video ya kanisa letu, ya Jumapili. Mimi huyo mbele, maikrofoni mdomoni: "Bwana asifiwe! Huu mkono umepona kabisa! Hata dawa nimetupa!"

Niwaeleze. Aliyenitangulia alikuwa ameponywa vidonda vya tumbo vya miaka mingi. Kanisa lote lilikuwa limesimama. Mimi ningesema nini, kwamba naendelea kuchua na kuna nafuu kidogo? Nani angepiga makofi?

"Huyu ni wewe?" daktari akauliza.

"Ni mimi."

"Umepona?"

Pasta akanigeukia. Madam Nancy akanigeukia. Nikisema ndiyo, fidia kwaheri. Nikisema hapana, nimedanganya madhabahuni. Niliogopa, sitaficha.

"Daktari, nilipokea kwa imani."

"Sawa. Sasa pokea hii chupa kwa mkono." Akainua chupa ya maji juu ya kichwa chake. Mkono wangu ukafika kifuani ukakataa. Nikajaribu tena. Ukakataa.

"Lakini kwa video ameuinua!" Madam Nancy akasema.

Daktari akairudisha video nyuma, akaongeza sauti. Mlango ulikuwa wazi, watu wa foleni wakasogea kuchungulia. Hapo tukaona wote: mkono wangu wa kushoto umekishika kiwiko cha kulia, unakisukuma juu. Halafu ule mlio wangu. "AAAIII!" Kanisa zima likajibu "Ameeen!" na kinanda kikapanda.

"Hapa ulikuwa unasema nini?" daktari akauliza.

Pasta akadakia. "Hapo Roho alikuwa ameshuka."

(Ardhi, pasuka unimeze!)

"Pasta," nikasema, "hapo nilikuwa nimeumia."

Mathe mmoja wa foleni alicheka mpaka akashika ukuta.

Daktari hakucheka. "Madam, hii video inamsaidia yeye, si nyinyi. Mtu akiumia kazini ana haki yake, hata kama ameshangilia kanisani. Na hiyo sakafu ilikuwa jukumu lenu." Halafu akanigeukia. "Na wewe mama, jukumu lako ni kusema ukweli. Kila mahali."

Akaandika: bega halijapona, asibebe mizigo. Nilitaka kuruka kwa furaha, lakini pasta alikuwa amenikazia macho.

Tulipotoka nje pasta akanisimamisha. "Sister, Jumapili utakuja mbele urekebishe ushuhuda."

"Mbele ya kanisa lote, pasta?"

"Na kamera iwake."

Fidia iko njiani. Sura ya kwenda nayo kanisani ndiyo sijui nitaitoa wapi. Mkiniona huko mbele, naomba mtu asicheke, kwa sababu nikianza kucheka na nyinyi bega linauma.