Beji Iliyoshonwa Kinshasa

Leo nimeadhirika. Mbele ya imamu, mbele ya padri, mbele ya nusu ya mtaa wetu wa Mangobo, na mbele ya mama yake Bolamba. Huyo wa mwisho ndiye aliyenimaliza.

Nyinyi rafiki zangu wanne mlioko Kinshasa, someni barua hii kwa sauti, na mkimpata Bolamba, awepo. Padri amekubali kuibeba. Kesho asubuhi anapanda ndege ya wale askari wa amani wa kofia za buluu, kwa hiyo naandika mbio na mwandiko mtausamehe. (Vidole navyo vimejaa matundu ya sindano. Mtaelewa.)

Mathieu, wewe uliondoka kabla hatujafikia mambo ya beji, acha nikueleze. Katika kikosi chetu cha skauti kuna beji ya imani. Unaitolea jasho mwaka mzima. Wakatoliki wanajifunza zaburi na kutembelea wagonjwa, sisi Waislamu tunahifadhi sura na kufagia msikiti, halafu kila mmoja anawatumikia watu wa dini isiyo yake. Mimi niliwachotea maji masista miezi sita. (Sista mmoja alikuwa akiniita Ramadhani, mwingine Romain. Niliitikia yote.) Ukimaliza, kiongozi wa dini yako anasaini na beji unapewa. Ila huishoni mwenyewe. Chef wetu, mkuu wa kikosi, ana sheria yake ya tangu zamani: beji ya imani inashonwa na skauti wa dini nyingine, yule aliyekuwa shahidi wako mwaka ule.

"Watu ya kwenu watakusifu bure," anasema Chef. "Donc, mutu wa inje ndiye anajua kama uko na imani."

Shahidi wangu alikuwa Bolamba, na mimi nilikuwa wake. Yake nilimshonea mimi, ikalala upande. (Bado imelala upande, Bolamba? Niambie.) Yangu alisema atanishonea akirudi, maana alikuwa anakwenda Kinshasa kwa tonton, mjomba wake, kupitisha likizo. Wiki sita tu. Likizo haijaisha, vita ikaanza. Huku wakaingia wakubwa wengine wenye bunduki, mto ukafungwa, mashua za Kinshasa tukaziaga. Wiki zile sita sasa zimetimiza miaka mitatu.

Beji nikaiweka kwenye kopo la maziwa pamoja na sindano. Mara mbili Chef alijitolea kunishonea. Yeye ni mkatoliki na ni skauti, sheria inamruhusu shahidi asipokuwepo. Nikakataa, nikasema namngoja Bolamba. Mara ya kwanza watu walinihurumia. Mara ya pili walianza kuniuliza kama na ndoa yangu nitamngojea yeye.

Sasa, leo ilikuwa siku ya kupanda daraja, sisi wa miaka kumi na minane kwenda kwa wakubwa. Mwezi uliopita Chef alitukusanya akasema, "Beji ambayo haiko kwa shimizi siku ile, narudisha kwa sanduku. Bon. Imeisha." Hakutaja mtu. Lakini alinitazama mimi.

Hapo ndipo nilipodanganya. Sikupanga, mdomo ulifunguka wenyewe.

"Chef, shati nimeshalituma Kinshasa. Kuna mama mfanyabiashara anazunguka na ndege kupitia Uganda. Bolamba ananishonea."

Chef akanishika bega. Aliniamini! Tangu siku ile ikabidi nije mikutanoni na shati la kaka yangu lenye picha ya mnanasi, maana langu "lilikuwa safarini". Wiki tatu nimepiga saluti na mnanasi kifuani. Habari nayo ikapanda toleka, baiskeli zetu zile za kubeba watu, ikazunguka mji mzima. Nilidhani itaishia kwa vijana. Ikafika mpaka nyumbani kwa mama Bolamba.

Ijumaa Chef alitugawia karatasi za ahadi, kila mtu aandike yake kwa mkono wake. Karatasi inakaa mfuko wa kushoto wa shati, upande wa moyo, na unaitoa mbele ya watu ukiitwa. Na beji ya imani, mnajua, inashonwa kwenye uso wa mfuko huohuo.

Leo baada ya sala ya alfajiri nilikaa nyuma ya jiko na shati langu. Kwanza nikaweka karatasi mfukoni, nisije nikaisahau. (Skauti yuko tayari siku zote.) Halafu nikachukua uzi wa buluu wa dada yangu, ule wa kushonea sare ya shule, nikaukunja mara mbili, nikashona. Sijawahi kushona vizuri namna ile. Nilikaza kila mshono. Nilitaka watu waone Bolamba alivyojitahidi. Tena, nitawaambia kweli, kwa muda ule wa kushona nilisahau kwamba ni mimi. Nilikuwa nazungumza naye. Nilimuuliza kama anakula lituma yetu ya ndizi huko au wamemzoesha mikate.

Kiwanja cha parokia kilikuwa kimejaa. Imamu na padri walikaa mbele kwenye viti viwili vya kusuka kwa kekele, wanasemezana. Mara mama Bolamba akashuka kwenye toleka, amevaa kitenge chake cha siku kubwa. Hakusalimu mtu. Alikuja moja kwa moja kwangu.

"Ni hii?"

"Ni hii, mama."

Aliweka kidole kwenye uzi, akaufuata polepole, pande zote nne. Alipofika mwisho akaanza tena.

"Mutoto wangu iko muzima?"

"Iko muzima, mama."

"Alinenepa?"

Ningesema nini? "Kidogo," nikasema. (Bolamba, kama umekonda, tafadhali nenepa.)

Filimbi ya Chef ikalia, wenzangu wakapanga mstari, na mama bado ameshika mfuko wangu. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nilikaribia kumwambia. Lakini alikuwa ametulia kwa namna ambayo sikuwahi kumwona nayo kwa miaka mitatu, nikakosa nguvu. Mwisho aliuachia mwenyewe, akaenda kukaa.

Wa kwanza akaitwa, akasoma, akapigiwa makofi. Wa pili pia. Kisha, "Ramazani. Ahadi yako."

Nikapiga hatua tatu. Saluti. Mkono ukaenda mfukoni.

Haukuingia.

Nikajaribu kidole kimoja. Hakikuingia. Nikachungulia chini ya kidevu, ndipo nikaelewa kile ambacho nyinyi mmeshakielewa zamani: nilishona beji, nikashona mfuko, nikashona na ahadi yenyewe, vyote pamoja, kwa uzi wa mara mbili.

"Nini?" Chef akanong'ona.

"Inakuja, Chef."

Nilipenyeza vidole viwili kwenye kona iliyobaki wazi, nikashika ncha ya karatasi, nikavuta. Ikachanika. Nikapata nusu. Bon, nikasema moyoni, nusu ni bora kuliko bure, nikaanza kusoma kwa sauti ya kiume: "Mimi Ramazani, mbele ya Mwenyezi Mungu na mbele yenu, naahidi kwamba siku zote nitasema kweli..."

Karatasi iliishia hapo. Yaliyobaki yalikuwa mfukoni.

Ningeishia hapo, huenda ningepona. Lakini mimi ni mimi. Nikaingiza mkono mzima kupitia kola ili nisukume kutoka ndani. Skafu ikanikaba. Kifungo kikaruka, kikatua karibu na kiti cha imamu. Nikavuta kwa nguvu, na mfuko wote ukang'oka, ukaning'inia kwenye uzi mmoja, beji mbele, karatasi nyuma, mimi katikati na fulana yangu yenye matundu.

Chef alikuja akaushika. Akaugeuza. Akaitazama karatasi iliyoshonwa chini ya beji.

"Hii karatasi niliwapatia vendredi, Ijumaa hii."

"Ndiyo, Chef."

"Bolamba iko Kinshasa."

"Ndiyo, Chef."

"Alors, alishona karatasi ya vendredi namna gani?"

Kutoka nyuma ikasikika sauti ya dada yangu: "Ni uzi yangu ile! Naitafuta tangu asubui!"

Wote walicheka. Watoto waliokuwa juu ya ukuta walicheka. Padri alijificha uso kwa kitabu chake cha sala, mabega yakawa yanatikisika. Imamu aliokota kifungo changu, akakishika mkononi, akaangalia chini. Mimi sikuthubutu kutazama upande wa mama Bolamba.

"Nilishona mwenyewe," nikasema. Sauti ya kiume ilikuwa imeshaniacha. "Sikutuma chochote Kinshasa. Sijui kama Bolamba ni mzima, sijui kama amenenepa, sijui chochote. Lakini nikikubali mtu mwingine ashone pale pake, itakuwa nimekubali kwamba harudi."

Hapo hakuna aliyecheka tena, na ilikuwa vibaya zaidi. Chef alishusha pumzi. Ni mtu mwema, mnamjua, lakini neno lake halikunjiki. Alikata ule uzi mmoja uliobaki, akachukua mfuko na beji yake, akafungua sanduku.

"Chef, ngoja kwanza."

Mama Bolamba alikuwa amesimama. Alikuja taratibu, akainama kwenye pindo la kitenge chake, akachomoa sindano yenye uzi mweusi aliyokuwa ameichomeka hapo.

"Mimi iko dini gani?"

"Catholique, mama."

"Bon. Miaka tatu, kila juma, huyu mutoto anakuja kwangu kuuliza habari ya Bolamba. Habari hakuna. Anakunywa maji, anaenda. Juma ingine anarudia. Unatafuta shahidi gani tena?"

"Mama, sheria inasema skauti," Chef akasema, lakini kwa sauti ndogo.

"Skauti ni mutoto wangu. Hayuko. Minakaa kwa kiti yake mpaka arudie."

Chef alimgeukia imamu. Imamu naye alimtazama padri, kisha akasema, "Mwachie mama ashone." Na kifungo changu akampa mama, akishone hichohicho.

Alinishonea nikiwa nimevaa shati, nimesimama wima mbele ya watu. Alianza kwa kuchomoa uzi wangu wote wa buluu na ile karatasi, akaniwekea mkononi, kisha akarudisha mfuko mahali pake, kisha beji. Uso wake ulikuwa karibu sana na wangu, nikamnong'oneza, "Mama, nisamehe."

"Nilijua tangu naigusa," akasema, haachi kushona. "Bolamba hajawahi kushona mustari ya sawa."

"Kwa nini hukusema?"

Alivuta uzi mpaka mwisho. "Nilipenda ikuwe ya kweli. Kidogo tu."

Mimi pia ndivyo nilivyopenda, kule nyuma ya jiko.

Alishona upande wa kushoto, wa kulia na wa chini. Akakata uzi kwa meno, akachomeka sindano yake kwenye kitenge.

"Mama, upande ya juu imebaki," Chef akamwambia.

"Ile ni ya Bolamba mwenyewe."

Chef alifikiri. Halafu akafunga sanduku, likiwa tupu, akaniambia nisome ahadi yangu yote, nusu mbili nimezishika pamoja. Nikasoma. Nilipofika pale pa kusema kweli, dada yangu akakohoa.

Basi nimepanda daraja, jamani. Beji iko kifuani, upande wa juu uko wazi, upepo wa mto ukija inafunguka na mimi naifunga kwa mkono. Chef anasema haikubaliki ila anaivumilia.

Mtacheka, najua. Sitawaomba msicheke. Chekeni, tena kwa nguvu, labda na mimi nitawasikia huku, maana nimesahau Mathieu anavyocheka.

Na wewe Bolamba, sindano nimeirudisha kwenye kopo. Mama yako ananisamehe uongo wote, isipokuwa mmoja. Ule wa kunenepa amesema hausamehe, anautaka uwe kweli, na uje nao mwenyewe aushike.